Kiatu Alichovua Mwalimu Breki

Wasikilizaji wapendwa, kabla sijaendelea naomba mjue jambo moja. Katika kituo hiki chote cha redio, hakuna anayeendesha gari vizuri kunishinda mimi. Fundi mitambo aliyeko nyuma ya kioo anatikisa kichwa. Mwacheni, yeye huja kazini kwa miguu. Mimi leseni niliipata kwenye mtihani wa kwanza. Niliingia mara moja, nikatoka nimefaulu. Na aliyenifundisha ndiye tunayemkumbuka asubuhi hii.

Tunamkumbuka mwalimu wa udereva. Mtaa mzima ulimwita Mwalimu Breki. Hata mchungaji wake, akimwombea mimbarani, alisema "Bwana, mkumbuke Mwalimu Breki," na waumini wakaitikia amina bila kucheka, kwa kuwa walishazoea.

Mwalimu Breki alifariki Jumatano iliyopita, asubuhi, akiwa na umri wa miaka sabini na mmoja. Narudia kwa aliyechelewa kuwasha redio kwa sababu ya kutafuta betri: Mwalimu Breki alifariki Jumatano, akiwa na miaka sabini na mmoja. Alifundisha udereva kwa miaka thelathini na minane. Ameacha mke, na ameacha binti mmoja, ambaye kazi yake ni kupima watu macho.

Binti huyo yuko nami hapa studioni. Amekuja na mkoba mkubwa, ameupakata kama mtoto mchanga. Nimemwomba auweke chini, amekataa. Basi tuendelee.

Wasikilizaji wapendwa, gari la kufundishia lina breki mbili. Moja iko kwa mwanafunzi, pale pa kawaida. Nyingine iko kwa mwalimu, upande wa abiria. Mwanafunzi akijisahau, mwalimu anakanyaga ya kwake, na gari linasimama. Kwa miaka thelathini na minane, Mwalimu Breki alikaa kwenye kiti kile, mguu wake wa kulia ukiwa juu ya ile breki ya pili. Mguu ule ulikuwa na masikio. Ulisikia hatari kabla ya mwenyewe.

Na maneno yake yalikuwa matatu tu. "Simama. Rudi nyuma. Anza upya." Basi. Hakupiga kelele, hakutukana. Ukikosea kona: simama, rudi nyuma, anza upya. Ukikosea tena, hivyo hivyo.

Kuna mwanafunzi mmoja, simtaji, ambaye siku ya mtihani alirudi nyuma kwa kasi akagonga pipa la taka nje ya ofisi ya mtahini. Pipa likabingirika mpaka katikati ya barabara, maganda huku na huku. Mwalimu alikuwa amesimama pembeni anatazama. Akaenda akaliokota, akalisimamisha, akajipangusa mikono. Akamwambia yule mwanafunzi, "Afadhali pipa. Pipa halina mama."

Ndivyo alivyokuwa. Lakini leo sikuja kusimulia magari. Nimekuja kusimulia mguu.

Mwalimu Breki aliokoka akiwa na miaka ishirini na mitatu. Akawa mzee wa kanisa. Hakukosa ibada, hakukosa kufunga, Biblia yake ilichakaa hadi ikashonwa upya mgongoni na fundi viatu. Mtu akitafuta mfano wa Mkristo, alionyeshwa yeye. Na mwenyewe, niwe mkweli, alijionyesha.

Akiwa na miaka hamsini na tisa, Jumapili moja alasiri, ibada ya nyumbani ilifanyika sebuleni kwake. Viti vya kuazima, watoto wamekaa mkekani, birika la chai limefunikwa kwa taulo lisipoe. Kiongozi wa ibada akauliza swali, akataka kila mtu ajibu kwa ufupi: ni wapi bado unahitaji kukua?

Fundi bomba akasema yeye ni hasira. Mama mmoja wa kwaya akasema yeye husinzia akisoma Neno, na mumewe akasema, "Na likihubiriwa je?" Watu wakacheka. Zamu ikafika kwa Mwalimu Breki. Akakohoa kidogo. Akavuta suruali magotini, akanyoosha mgongo.

"Mimi namshukuru Mungu," akasema. "Miaka thelathini na sita ndani ya wokovu. Nyie endeleeni, nawaombea. Kwa upande wangu, mimi nimeshafika."

Mkewe ananiambia, "Alisema nimeshafika kama abiria aliyeshuka na mizigo yake yote. Nikamtazama. Nikajisemea, haya, tusubiri chai."

Chai haikuwahi hata kumiminwa.

Binti yake alikuwa na miaka kumi na tisa. Mwezi ule alikuwa amempoteza rafiki yake, waliyekaa naye dawati moja tangu darasa la kwanza. Aliugua siku nne tu. Tangu msiba ule binti alikuwa kimya, anakula kidogo, anajibu kidogo. Sasa kiongozi akauliza nani atafunga kwa maombi, na yule binti, ambaye hakuwahi kuomba kwa sauti mbele za watu, akainua mkono.

Watu wakafumba macho. Binti akasimama. Akaanza.

"Mungu, mimi sikuelewi..."

"Simama."

Sauti ilitoka kwa Mwalimu Breki. Ilimtoka kama vile mguu unavyokwenda kwenye breki, bila kuulizwa. "Simama. Rudi nyuma. Hatuanzi hivyo na Mungu. Unaanza na shukrani. Haya, anza upya."

Wasikilizaji wapendwa, fikirini chumba kile. Watu wamefumba macho, hakuna anayethubutu kufumbua. Binti hakuanza upya. Alikaa. Fundi bomba ndiye aliyefunga, haraka haraka, akaombea mpaka mabomba.

Jioni ile jikoni, mkewe alikuwa anaosha vikombe. Huyu mama humwita mumewe Mzee. Akimwita Mwalimu, ujue pamechafuka.

"Mwalimu," akasema.

"Nilikuwa namsaidia," Mwalimu akajibu kabla hajaulizwa.

"Lile gari lilikuwa linakwenda kugonga nini?"

"Nini?"

"Nakuuliza wewe mwenye kazi yako. Unakanyaga breki gari likitaka kugonga. Mtoto alikuwa anaongea na Mungu. Alikuwa anakwenda kumgonga nani?"

Mwalimu alichukua kitambaa akafuta kikombe kimoja, kile kile, kwa muda mrefu sana.

Tangu siku ile binti yake hakuomba tena kwa sauti akiwepo baba yake. Kanisani alikwenda. Mezani alifumba macho. Lakini mdomo wake haukufunguka. Narudia, kwa sababu hapa ndipo ilipo habari yote: binti hakuomba mbele ya baba yake kwa miaka kumi na mmoja.

Jumapili iliyofuata Mwalimu aliingia kwenye ibada ya nyumbani na Biblia kwapani. Juu ya jalada alikuwa amebandika kitu. Mnakijua kile kibandiko cheupe chenye herufi L nyekundu, kinachowekwa kwenye kioo cha gari kuwaambia wengine kwamba huyu bado anajifunza? Ndicho. Watu wakaangua kicheko. Kiongozi akauliza, "Mwalimu, vipi tena?"

Akasimama. "Wiki iliyopita nilisema nimeshafika," akasema. "Sikuwa nimefika. Nilikuwa nimepaki."

Kicheko kikaisha.

Akamgeukia binti yake, akamwomba msamaha mbele ya wote waliosikia. Binti akasema, "Nimekusamehe, Baba." Na alimsamehe kweli. Ananithibitishia hapa kwa kichwa. Lakini kuomba hakuomba. Baadaye baba alipomuuliza kwa upole, alimjibu: "Kusamehe nimesamehe, Baba. Ila nikitaka kuomba ukiwa karibu, sauti haitoki. Siikatai. Haitoki tu."

Hapo Mwalimu Breki akagundua kitu ambacho hakikuwa kwenye kitabu chochote cha udereva. Alikuwa na breki ya pili. Pedali ya pili ya mafuta hakuwa nayo. Aliweza kumsimamisha mtoto. Kumfanya aondoke tena hakuweza. Kilichobaki ni yeye mwenyewe kukua, na kungoja.

Basi akaanza kukua. Si vizuri sana, nisiwadanganye. Kila siku ya kuzaliwa kwake alikaa kwenye kiti cha jikoni akamwambia mkewe, "Haya, Mama, nipe mtihani." Na mkewe, ambaye hakuwa na huruma ya watahini, alimpa.

Mwaka wa kwanza alifeli kila kitu. Mwaka wa pili mkewe akamwambia, "Umeacha kunikatiza nikisimulia. Hapo umefaulu. Lakini kwaya bado unaisahihisha kwa nyusi." Akaanza kuimba amefumba macho. Mwaka wa nne, katikati ya mahubiri, mchungaji alitaja mstari kimakosa, na Mwalimu akatamka namba sahihi kwa sauti, kanisa zima likasikia. Akajishika mdomo. Ibada ilipokwisha alikuwa wa kwanza kusimama mlangoni kumwomba mchungaji radhi. Mchungaji akamwambia, "Lakini ulikuwa sahihi." Mwalimu akajibu, "Hilo ndilo tatizo langu, Mchungaji. Huwa niko sahihi."

Kibandiko kilipochakaa alibandika kingine. Wageni kanisani waliuliza, "Mzee, wewe bado unajifunza udereva?" Akasema, "Bado."

Alipofika miaka sitini na tisa, macho yakaanza kumtoroka. Akaegesha gari juu ya maua ya jirani, akadai maua yamesogea. Mkewe akampeleka kupimwa macho, na mpimaji, mnakumbuka, ni binti yake mwenyewe.

Sasa msikilizeni mzee wa kanisa. Alikaa kule kwenye benchi la kusubiria, mlango ukiwa wazi, akamsikia mgonjwa wa mbele yake akisoma ile chati ya herufi. Akaikariri yote. Zamu yake ilipofika akakaa, akafunikwa jicho, akaporomosha herufi kama maji, mstari wa kwanza mpaka wa mwisho.

Binti akamwacha amalize. "Baba," akasema.

"Naam."

"Hiyo ni ya mgonjwa aliyetoka. Nimeshabadilisha chati."

Mwalimu akaanza kucheka, binti akacheka, hadi mgonjwa aliyekuwa nje akachungulia. Kucheka kulipokwisha, binti akavuta kiti akaketi mbele yake, magoti kwa magoti.

"Baba, usiendeshe tena. Wala usifundishe."

Anasema baba yake alitazama chini, na kwamba ule mguu wa kulia ulikuwa unakanyaga sakafu. Unakanyaga, unakanyaga, na chumba hakisimami.

"Na kanisani nitafikaje?" akauliza.

"Nitakupeleka."

Hivyo kila Jumapili binti alimpitia. Gari la binti ni gari la kawaida, lina breki moja, na iko kwa dereva. Mwalimu alikaa upande wake wa miaka yote, upande wa abiria, akakanyaga palipo na kapeti tupu. Kila taa, kila kona, alikanyaga. Baada ya miezi mitatu kapeti ikatoboka. Sisemi kwa kupamba. Nilipofika nyumbani kwao kwenye msiba nilionyeshwa. Pana tundu linaingia yai.

Na Mwalimu aliliona lile tundu. Akaumia. Miaka kumi nimejifunza, akamwambia mkewe, na mguu haujasikia.

Jumapili iliyofuata aliingia kwenye gari, akafunga mkanda, akainama akavua kiatu cha kulia. Akakipakata mapajani, na Biblia yenye L juu yake.

Binti akamtazama. "Baba, kiatu kinabana?"

"Hapana. Nikiwa na kiatu, mguu unajiona uko kazini."

Kanisani watu wakazoea kumwona Mwalimu Breki akishuka na kiatu kimoja mkononi, mzee mzima, anarukaruka akivaa mlangoni. Vijana wa kwaya wakamtania kwamba amewatoroka wezi. Akacheka nao. Wala hakuwasahihisha.

Ikaja Jumapili ya mvua. Mwalimu alikuwa na miaka sabini. Binti alikuwa na thelathini. Walikuwa kwenye mteremko, maji yanapita barabarani kama mto, na gari la mbele likasimama ghafla. Binti akakanyaga breki, gari likaserereka, likageuka upande, likasimama likitazama ukuta. Kati ya boneti na ukuta, anasema, hapakuwa na nafasi ya mtu kupita.

Hakuumia mtu. Lakini binti alibaki ameshika usukani kwa mikono miwili. Wasikilizaji wapendwa, kuna vitu vinakaa ndani miaka, vinangoja mtikisiko. Akafungua mdomo.

"Mungu, mimi sikuelewi."

Sentensi ile ile. Alianzia pale pale alipokatizwa miaka kumi na mmoja nyuma. Na safari hii hakusimama. Akamwambia Mungu habari za rafiki yake wa dawati moja. Akamwambia kwamba bado anamkasirikia. Akamwambia kwamba amepima macho ya mamia na maelfu ya watu na haoni kwa nini. Hakukuwa na shukrani hata moja mwanzoni. Zilikuja mwisho kabisa, zenyewe, moja moja: kwa kuwa gari limesimama, kwa kuwa Baba yuko hapa.

Na Mwalimu Breki? Nimemuuliza binti alikuwa anafanya nini muda wote huo. Amesema, "Sikumtazama. Nilipomaliza ndipo nikamtazama. Alikuwa amenyanyua mguu wote juu, goti kifuani, ameukumbatia kwa mikono miwili. Soksi imelowa. Analia."

Akasema, "Amina." Neno moja.

Binti akamwambia, "Hujanisahihisha, Baba."

Akasema, "Nimevua kiatu."

Mwaka mmoja baadaye, yaani Jumatano iliyopita, Mwalimu Breki alikunywa chai, akakaa kwenye kiti cha dirishani na Biblia mapajani. Mkewe alitoka kuanika nguo mbili tatu. Aliporudi, mumewe alikuwa ameondoka. Miguu yote miwili ilikuwa mitupu. Viatu vilikuwa pembeni, vimepangwa.

Tulimzika Jumamosi. Kabla jeneza halijafungwa, mkewe aliomba apewe ile Biblia. Akaishika, akaingiza ukucha chini ya kile kibandiko, akakibandua polepole. Kilikuwa kimeshika. Kiliacha alama ya gundi. Akainama karibu na sikio la mumewe, lakini sisi tuliokuwa mbele tulisikia.

"Haya, Mwalimu," akasema. "Sasa umefika."

Wasikilizaji wapendwa, kwa niaba ya kituo hiki nampa pole mama yetu, mtahini asiyependelea. Nampa pole binti aliyeko hapa. Nawapa pole wazee wa kanisa, kwaya yenye amani, na madereva wote mnaosimama vizuri kwenye kona bila kujua ni mguu wa nani uliowafundisha. Mungu amlaze Mwalimu Breki mahali pema.

Na wewe unayenisikiliza unapiga pasi, au unapanga bidhaa dukani, nakuomba kitu kidogo. Leo ukizima redio, muulize mtu mmoja anayeishi nawe: ni wapi bado nakanyaga? Akikujibu, usimkatize. Umeokoka jana au una miaka arobaini kwenye wokovu, uliza tu. Mwalimu alianza kukua upya akiwa na miaka hamsini na tisa, na siku anakufa alikuwa bado yumo njiani. Mimi mwenyewe, mwanafunzi wake bora, niliyefaulu mara ya kwanza, nina mengi ya...

"Samahani, mtangazaji."

Wasikilizaji, binti wa marehemu ameinua mkono. Sogea kwenye kipaza sauti, dada.

"Ulifaulu mara ya ngapi?"

Mara ya... nilisema mara ya kwanza.

"Baba alikuwa na karatasi ndani ya Biblia. Ya wanafunzi aliokuwa anawaombea kila asubuhi. Ninayo hapa kwenye mkoba. Nisome?"

Dada, muda wetu umekwisha. Fundi mitambo, piga wimbo. Fundi mitambo anacheka. Hapigi wimbo.

"Namba saba. 'Kijana wa redio. Amefeli mara nne. Mara ya nne amegonga pipa la taka. Anaendesha vizuri siku hizi, lakini anadanganya vizuri zaidi. Bwana, mkuze polepole, na mimi pia.' Ameandika tarehe. Ni Jumanne, siku moja kabla hajafa."

...

"Na Mama amesema nikupe hiki. Kimebaki na gundi kidogo, kitashika."

Wasikilizaji wapendwa, nimekabidhiwa kibandiko cheupe chenye herufi nyekundu. Nimekibandika mbele yangu hapa, kwenye kipaza sauti.

Ilikuwa mara ya tano. Mkiniona barabarani, nipisheni.